Breki Zinazolia Lamu, na Dawa Zilizoanza 1902

Kisiwa cha Lamu kiliishi muda mrefu na magari ya kuhesabika kwa vidole. Kwa miaka mingi gari lililojulikana na kila mtu lilikuwa Land Rover ya mkuu wa wilaya. Baadaye likaongezeka la hospitali na machache ya kazi za serikali. Watu wengine walitembea, walipanda punda au walikwenda kwa mashua. Kisha zikaja bodaboda. Hupakiwa kwenye vyombo Mokowe, huvushwa mkondo na kushushwa gatini, na leo hubeba abiria, magunia ya saruji na mitungi ya gesi kutoka Langoni hadi Wiyoni na Kashmir, na kwenye njia za mchanga za kwenda Matondoni na Kipungani. Ubishi juu yao ni mkali, na haushangazi, kwa kuwa Mji wa Kale umo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 2001, na wakuu wa kaunti wamewahi kuzipiga marufuku zisiingie mitaani mwake. Mlalamikaji hutaja ajali, moshi na kelele.

Kelele kwa kawaida hulaumiwa injini, ekzosi na honi. Ya breki husahaulika, ingawa ndiyo inayokata sikio kuliko zote. Injini huunguruma na kupita, lakini breki hulia ghafla na kwa sauti nyembamba, tena mara nyingi hulia pale penye watu, maana ndipo dereva anaposimama.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba, kwa upande wa breki, Lamu ya leo iko karibu zaidi na Birmingham ya mwaka 1902 kuliko na Nairobi ya leo. Mwendo wa vyombo ni mdogo, vumbi ni jingi, njia inatumiwa pamoja na wanyama, na breki zenyewe ni za muundo wa zamani. Wahandisi wa magari ya kwanza walipambana na hali hizohizo. Walipata dawa. Ya kwanza ilikuwa rahisi na ikaua watu. Zilizofuata zilichelewa kueleweka lakini ni za bei ndogo, na fundi yeyote wa kisiwani anaziweza. Shida ni kwamba kule gereji bado tunaishi zaidi na ile ya kwanza.

Tuanze na sababu ya mlio. Ukimuuliza fundi kwa nini breki zinalia, atakuambia pedi ni ngumu, au vumbi limeingia. Yote mawili yana ukweli, ila hayafiki kwenye shina. Breki hukamata kitu kinachozunguka na kuugeuza mwendo wake kuwa joto, na kukamata huko hakuendi sawasawa. Kipande cha breki hushika, huvutwa kidogo na dramu (kikombe cha chuma kinachozunguka na gurudumu), vyuma vilivyokibeba hupinda kiasi kisichoonekana kwa macho, kisha kipande huteleza na kurudi, halafu hushika tena. Ni jambo lilelile linalotokea kiti kikiburutwa kwenye sakafu ya saruji. Shika-teleza hiyo ikitokea mara mia chache kwa sekunde, tunasikia mguno au mkoromo. Ikizidi mara 1,000 kwa sekunde huwa mlio, na mlio wa breki unaweza kupanda hadi 10,000 na kupita. Sikio la binadamu nalo lina wepesi zaidi kati ya mitetemo 2,000 na 5,000 kwa sekunde, yaani katikati ya eneo hilohilo.

Jambo la pili ni mwendo. Vitu vingi vinavyosuguana hushikana zaidi vikitembea polepole. Chombo kinapokaribia kusimama, mshiko unaongezeka, na kila mtetemo hulishwa nguvu mpya badala ya kufa. Ndiyo maana breki iliyonyamaza barabara kuu huanza kulia mita chache kabla ya gurudumu kutulia. Mguu unaogusa pedali kidogo tu huzidisha hali hiyo, kwa kuwa breki iliyobanwa sana haina nafasi ya kucheza.

Sasa twende kwa Frederick Lanchester. Kampuni yake ya magari ilianzishwa Birmingham mwaka 1899, naye alikuwa mhandisi aliyechukia mtetemo. Injini yake ya silinda mbili aliisawazisha kwa mihimili iliyozunguka kinyume, mmoja huku na mwingine kule, mpaka magari yake yakasifiwa kwa utulivu. Mwaka 1902 alichukua hataza ya breki ya diski. Sahani nyembamba ya chuma ilizunguka pamoja na gurudumu, na vipande vya shaba vikaibana kutoka pande mbili. Wazo hilo ndilo lililo ndani ya karibu kila gari dogo linalouzwa sasa. Lakini lilikuwa na kasoro moja iliyosikika kutoka mbali. Shaba juu ya chuma ililia vibaya sana, kwa kuwa hapakuwa na kitu chochote laini cha kumeza mtetemo. Vumbi la barabara zisizo na lami nalo lilikula shaba haraka. Nadhani utulivu wa injini yake ulimponza pia. Kwenye gari lenye kishindo, mlio wa breki ungepotea ndani ya makelele. Kwenye Lanchester ulisikika peke yake.

Kelele hiyo haikuwa suala la starehe tu. Barabara za Uingereza wakati huo zilikuwa za farasi. Kanuni za magari zilimlazimu dereva kusimama mara aliponyoshewa mkono na mtu mwenye farasi aliyeshtuka, na kubaki amesimama mpaka hatari ipite. Fikiria basi breki ambayo, katika kitendo chenyewe cha kusimama kwa ajili ya mnyama, inatoa mlio wa kumtisha zaidi. Farasi na jamii yake husikia sauti nyembamba zinazotupita sisi. Mtu wa Lamu hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Punda aliyebeba mawe ya kujengea kwenye kichochoro ambamo wawili hawapishani akishtuka, anayebanwa ukutani ni mpita njia.

Aliyemnusuru Lanchester alitoka vilima vya Derbyshire. Herbert Frood alianzisha mwaka 1897 kazi iliyokuja kuwa Ferodo, ya mji wa Chapel-en-le-Frith. Inasimuliwa kwamba alianza kuwaza baada ya kuwaona waendesha mikokoteni ya farasi wakikandamiza viatu vikuukuu kwenye magurudumu ili breki zishike mteremkoni. Wakati ule watu walijaribu kila kitu: mbao, ngozi, mikanda ya manyoya ya ngamia. Frood alitumia tabaka za pamba zilizoloweshwa lami na gundi. Zilishika vizuri na zilinyamaza, lakini joto likipanda hadi nyuzi 150 hivi zilianza kuungua. Ndipo alipogeukia asbesto, madini yenye nyuzi zinazofumika kama kitambaa na zisizoshika moto, akazifuma pamoja na waya wa shaba ya njano. Kati ya 1907 na 1908 lainingi hiyo ilikuwa imeingia kazini, na breki za Lanchester zikanyamaza.

Hapa ndipo wasimulizi wengi wa historia ya magari hufunga kitabu, wakasema tatizo likatatuliwa. Hawakosei kuhusu ubora wake. Asbesto ilivumilia joto, ilishika kwa usawa kuanzia baridi hadi moto, ilikuwa na ulaini wa kumeza mtetemo, na ilikuwa rahisi. Hakuna kitu kimoja ambacho kimewahi kupatikana tangu hapo chenye sifa hizo zote kwa bei ile. Kwa zaidi ya miaka 60 ndiyo iliyokuwa ndani ya breki za magari karibu yote duniani, malori ya Mombasa yakiwemo.

Ila utulivu ule ulilipiwa na mapafu ya watu. Mwaka 1924, huko Rochdale, alifariki Nellie Kershaw, mwanamke aliyesokota nyuzi za asbesto katika kiwanda cha Turner Brothers. Daktari W. E. Cooke alichunguza mapafu yake, akakuta makovu na chembe za madini, na akaandika habari hiyo katika jarida la madaktari la British Medical Journal mwaka huohuo. Miaka michache baadaye ugonjwa ukapewa jina la asbestosisi. Kundi la makampuni lililokimiliki kiwanda kile, Turner & Newall, ndilo lililoinunua Ferodo katika miaka hiyohiyo ya 1920. Leo shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa linahesabu aina zote za asbesto kuwa chanzo cha saratani. Uingereza iliipiga marufuku kabisa mwaka 1999, na nchi za Umoja wa Ulaya zikakamilisha mwaka 2005. Kenya, kupitia mamlaka yake ya mazingira, NEMA, inaihesabu kuwa taka hatari, na watu wengi huijua kwa mapaa ya shule za zamani. Wachache huihusisha na breki. Na bado ziko nchi, kubwa kwa viwanda, ambazo hazijaikataza aina nyeupe ya madini hayo, na spea za bei rahisi husafiri mbali.

Dramu nayo ina kisa chake. Louis Renault aliitoa mwaka 1902, mwaka uleule wa hataza ya Lanchester, nayo ndiyo iliyotawala barabara kwa nusu karne, kwa kuwa ilijificha isiingiwe na matope na ilijikaza yenyewe. Breki shuu (kipande kilichopinda kinachobeba lainingi) ya mbele, ile ambayo dramu huizungukia kwa kuielekea ncha yake, huvutwa na dramu ijibane zaidi. Nguvu hiyo ya bure ilipendwa sana enzi za breki za kebo na vyuma vya kuvutwa. Ila ina hasara: kitu kinachojikaza chenyewe pia hujitetemesha chenyewe. Ford Model T, iliyotengenezwa kati ya 1908 na 1927, ilikuwa na njia yake tofauti. Breki ya mguu ilikaza mkanda wa pamba kuzunguka dramu iliyokuwa ndani ya sanduku la gia, imezama kwenye mafuta. Haikulia, bali gari zima lilitetemeka pamba ikizeeka, na wauza mafuta wakapata biashara ya mafuta maalumu ya kuondoa mtetemeko huo. Biashara ya kuuza dawa ya dalili ni ya zamani kama gari lenyewe.

Miaka ya 1920 magari yakaongezwa breki kwenye magurudumu ya mbele. Yalisimama upesi zaidi na yakalia zaidi. Dramu nyingi zilifinyangwa kutoka bamba jembamba la chuma, na bamba la namna hiyo likitikiswa huvuma. Viwanda vikarudi kwenye chuma cha kusubu, kizito na chenye chembe za kaboni ndani yake ambazo huua mtetemo. Wengine walifunga springi ndefu kuzunguka dramu kwa nje, kazi yake ikiwa kuisugua tu isivume. Ukiifungua dramu ya gari fulani la zamani ukaikuta springi hiyo, usidhani ni spea iliyosahauliwa na fundi.

Baada ya miaka 30 na zaidi ya kubahatisha, ndipo utafiti wa kweli ukaanza. Mwaka 1938 H. R. Mills alieleza mlio wa breki za dramu kwa tabia ile niliyoitaja, ya mshiko kuongezeka mwendo unapopungua. Lakini watafiti wakajikuta na pedi ambazo hazikuwa na tabia hiyo na bado zililia. Mwaka 1961 R. T. Spurr, mtafiti wa Ferodo, alieleza kwamba umbo pekee linatosha. Kipande kikikutana na dramu kwa pembe mbaya, ncha yake hujichimbia, hujikaza mpaka vyuma vinapinda, kisha huachia. Mwaka 1972 M. R. North akaenda mbele zaidi. Alionyesha kwamba sehemu mbili za breki zenye mitetemo inayokaribiana zinaweza kushikana mikono na kuchocheana, hata kama mshiko haubadiliki hata kidogo.

Kutoka hapo swali lote la kelele linabadilika. Frood na wenzake waliitafuta dawa ndani ya lainingi, wakaipata, na kwa kuwa ilifanya kazi hawakuwa na haja ya kutazama kwingine. Spurr na North wanasema mlio ni wa mfumo mzima: dramu, shuu, springi, pini, sahani inayobeba vyote na namna vinavyogusana. Badilisha pembe, ongeza uzito, weka kitu laini kati ya chuma na chuma, na mlio unaweza kufa bila kuigusa lainingi. Pedi za magari ya leo zina kibati chembamba chenye tabaka la mpira mgongoni, kingo zake hukatwa mshazari, na katikati huchongwa mfereji. Mambo hayo hayahitaji madini ya kutisha. Yangejulikana mapema, dunia isingeifunga asbesto kwenye breki kwa ukaidi ule.

Asbesto ilipoanza kuondolewa, kelele zikarudi. Pedi za nyuzi za chuma zilizoenea Marekani miaka ya 1970 zililia kuliko zile za asbesto, na wenye magari walilalamika. Wachanganyaji wakaongeza nyuzi za aramidi, grafiti, na shaba, ambayo hutuliza msuguano na kusambaza joto. Kwa hiyo shaba ya Lanchester ikarejea, safari hii kama unga na nyuzi. Halafu ikagundulika kwamba vumbi lake husombwa na mvua hadi mitoni na kuwadhuru samaki. California na jimbo la Washington zilitunga sheria mwaka 2010 za kuipunguza shaba kwenye pedi, na kikomo kiliwekwa asilimia 0.5 kufikia 2025. Kwa watu wanaoishi kwa kuvua na ambao maji yote ya mitaani mwao huishia baharini, habari hii si ya Wamarekani peke yao.

Kisiwani kwetu, pikipiki zinazobeba watu na mizigo nyingi ni Boxer na TVS, na nyingi zina dramu mbele na nyuma. Si uchaguzi mbaya. Dramu ni rahisi kutengeneza, spea zake zinapatikana, na mchanga hauingii kwa urahisi kama kwenye diski iliyo wazi. Lakini hali ya Lamu inajumlisha karibu kila sharti la mlio. Mwendo ni mdogo kila mahali. Breki huguswa kidogo kidogo siku nzima, katikati ya watu, wala haipati kamwe ule ukazaji wa nguvu wa barabara kuu unaoisafisha lainingi. Uso wake hung'aa na kuwa mgumu. Hewa ni ya chumvi, na pikipiki iliyolala nje usiku wakati wa kusi huamka na ukungu wa kutu ndani ya dramu. Mlio wa asubuhi unaopotea baada ya kusimama mara kadhaa hutokana na hilo, na haufai kumtia mtu wasiwasi. Mchanga mwembamba hupenya penye mwanya wa sahani. Mashimo na mizigo hulegeza spoki, na gurudumu lenye spoki zilizolegea huivuta dramu ikapoteza uduara wake kidogo, hata breki ikawa inashika upande mmoja wa mzunguko na kuachia upande wa pili. Kisha sauti yenyewe ikitoka hukutana na kuta za mawe ya matumbawe zilizopakwa chokaa, ngumu na zilizokaribiana, ambazo hurudisha mlio badala ya kuumeza. Mlio ambao barabara ya Mombasa ingeupoteza hewani, njia ya Usita wa Mui huurudisha kwa wote waliokaa barazani.

Ona basi kinachofanyika gereji. Fundi analegeza kebo ya breki, anachomoa ekseli, gurudumu la mbele linatoka, na sahani yenye shuu mbili inavutwa kwa mkono. Ndani pana unga wa kijivu uliokolea. Nyuso za shuu zinang'aa. Kwenye mdomo wa dramu pana ukingo wa kutu wa kahawia, mahali ambapo lainingi haifiki. Fundi anachukua msasa, anasugua shuu hadi mng'ao unaondoka, anainama, anapuliza unga kwa kinywa, anarudisha gurudumu. Pikipiki inaondoka kimya na mwenyewe analipa kwa furaha. Siku chache zikipita, inalia tena.

Msasa umeondoa mng'ao, na hiyo ni kazi ya kweli. Ila ukingo wa kutu ulibaki, kamu inayofungua shuu ilibaki kavu, springi zilizozeeka zilirudishwa, na ncha ya lainingi ilibaki na kona kali, ileile ambayo Spurr aliieleza kuwa hujichimbia. Tupa ndogo ingetosha kuikata kona hiyo kwa mshazari, milimita chache tu, kwenye shuu zote mbili. Msasa ungepitishwa pia ndani ya dramu, kwa kukatiza njia ya mzunguko, mpaka ukingo wa kutu uishe. Grisi inayovumilia joto ingepakwa nyembamba mno kwenye kamu na pini, bila tone kufika kwenye lainingi. Kisha spoki zikazwe, na kipenyo cha ndani kipimwe, maana dramu ikiliwa kupita kikomo shuu mpya haitaikalia vizuri kamwe. Baada ya hapo mwenye pikipiki aende mahali pa wazi, nje ya mji, akaze breki kwa nguvu mara kadhaa, akipumzisha katikati, ili nyuso mbili zizoeane. Kazi yote hiyo haiongezi hata saa moja juu ya ile ya msasa.

Yapo pia matibabu ya hovyo. Kuna wanaodondoshea mafuta au dizeli kwenye shuu ili zinyamaze. Zitanyamaza, kwa kuwa hazishiki tena. Anayefanya hivyo kwenye pikipiki ya abiria ameuza usalama wa mtu mwingine ili yeye asisumbuliwe na sauti. Kuna wanaomwagia maji kila asubuhi, na katika hewa yetu ni kuikaribisha kutu kwa mikono miwili.

Na si kila mlio unastahili kuzimwa. Pedi nyingi za diski huwekewa kwa makusudi ulimi wa chuma ambao hugusa diski na kulia lainingi inapokaribia kwisha. Kwenye dramu, pikipiki nyingi zina mshale mdogo kando ya wenzo wa breki unaofanya kazi hiyo kimyakimya. Mwendeshaji anayejua kuutazama hasubiri mlio. Chuma kikisaga chuma kwa mkwaruzo mzito, pikipiki isimame hapohapo. Huko mchezo wa shika-teleza umekwisha, na lainingi pia imekwisha.

Wapo watakaosema pikipiki za umeme zitamaliza habari yote hii. Nusu yake ni kweli. Injini itanyamaza na moshi utaondoka, na kwa Mji wa Kale hiyo ni neema. Lakini litajirudia lililompata Lanchester: kitu kingine kikinyamaza, breki ndiyo itakayosikika. Tena chombo cha umeme kinachopunguza mwendo kwa mota yake huitumia breki ya msuguano mara chache zaidi, na breki isiyotumika kwenye hewa ya chumvi hushika kutu upesi. Kaunti ikifika siku ya kuruhusu vyombo hivyo, iweke matunzo ya breki katika masharti tangu mwanzo.

Kisheria, Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo tangu 2009, na zinagusa vyombo vya moto. Kuzitekeleza mtaani kwa kumkimbiza kila mwendeshaji mwenye breki inayolia ni kupoteza muda na kuzalisha rushwa ndogondogo. Lamu ina nafasi ambayo kaunti nyingine hazina. Kisiwa hakina daraja, na kila pikipiki na kila boksi la breki shuu huingia kwa maji, kupitia gati chache. Hapo ndipo pa kukagua. Maboksi yasiyotaja kiwanda wala shuu zimetengenezwa kwa nini yarudishwe yalikotoka. Vyama vya bodaboda vinavyopanga zamu na vituo vinaweza pia kukubaliana kwamba chombo chenye breki inayolia hakipewi abiria mpaka kifunguliwe. Marufuku ya kuingia Mji wa Kale ina haki yake, nami naiunga mkono, lakini haisaidii chochote Wiyoni wala Kashmir, wanakoishi watu wengi na ambako pikipiki zitaendelea kupita.

Kwa mafundi ninalo ombi moja, nalo litangulie mengine yote. Huwezi kujua kwa macho kama unga ulio ndani ya dramu una asbesto au hauna, kwa hiyo uchukulie wote kuwa nao. Usiupulize kwa kinywa wala kwa pampu ya upepo. Ulowanishe kwa maji ya sabuni, uufute kwa kitambaa, kitambaa ukifunge ndani ya mfuko kikiwa bado kibichi, na mtoto anayekushikia spana asikae mbele ya gurudumu lililo wazi.